Bi. Terttu Huovilainen na Swali la Jumamosi

Ijumaa ya tarehe 29 Mei 2026, saa nane mchana, Bi. Terttu Huovilainen atarudisha funguo za gari namba saba na kufunga utumishi wa miaka arobaini na mmoja, miezi minne na siku kumi na mbili katika uuguzi wa majumbani mkoani Korpivesi. Hesabu hiyo si ya Idara ya Utumishi, ni yake mwenyewe. Alipoulizwa kwa nini anahesabu hadi siku, alijibu, "Siku ndizo nilizofanya kazi. Miaka imejijia yenyewe."

Alianza tarehe 17 Januari 1985 katika kijiji cha Hoikkaperä, asubuhi ya baridi ya nyuzi thelathini na nane chini ya sifuri. Gari la idara lilikataa kuwaka. Bi. Terttu, aliyekuwa na miaka ishirini na miwili na cheti ambacho wino wake ulikuwa haujakauka sawasawa, aliazima sleji ya kusukuma kwa mguu, kiti chenye vyuma viwili vya kuteleza juu ya theluji, akafunga begi la dawa kwenye kiti chake, akaenda kilomita saba juu ya barafu. Mgonjwa wake wa kwanza alimfungulia mlango, akamtazama kope zilizoganda, akasema, "Umechelewa." Bi. Terttu husimulia kisa hiki kwa kila muuguzi mpya, na huongeza kuwa hayo ndiyo yaliyokuwa makaribisho mazuri kuliko yote aliyowahi kupata, maana yalimjulisha kuwa kuna mtu aliyekuwa akimsubiri.

Jambo litakalobeba jina lake ni meza ya jikoni. Mwaka 1993 palikuwa na mama mmoja, Bi. Hilja, aliyekuwa akienda ofisi tano tofauti kwa maradhi yaleyale: kwa daktari, kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, kwa ofisa ustawi wa jamii, kwa mfamasia, na kwa wahudumu wa nyumbani. Kila ofisi ilimpa karatasi, na hakuna ofisi iliyosoma karatasi ya mwenzake. Bi. Terttu aliwapigia wote watano simu, akawaambia wafike kwa Bi. Hilja Jumanne saa nne. Hakuwaambia kuwa wenzao nao watafika. Walipokutana mlangoni walikuwa wamekwisha kuvua viatu, na mtu aliyevua viatu hana pa kukimbilia.

Daktari Lassi Moilanen, ambaye leo ni mganga mkuu wetu na ameniruhusu kulisema hili, alikuwa na soksi iliyotoboka kidole gumba. Bi. Hilja alikiona kidole kile, akacheka, na kwa mara ya kwanza akamweleza daktari kwamba vidonge vya asubuhi havimezi kwa sababu vinampeleka chooni kila mara akiwa kanisani. Juma lililofuata daktari alitumiwa soksi za sufu kwa posta.

Tangu siku ile kanuni ya Bi. Terttu imekuwa moja. Timu hukutana jikoni kwa mgonjwa, wala hakuna anayefungua faili kabla mwenye nyumba hajamimina kahawa. Akimimina vizuri, timu inajua jambo. Mkono ukitetemeka, inajua jambo jingine. Akimwomba mtu amsaidie, huyo aliyeombwa ndiye anayeaminika, na ndiye atakayeongoza huduma, awe daktari au mfagiaji. Vitabu vizima vimeandikwa juu ya huduma jumuishi inayomzingatia mgonjwa, na mimi nimevisoma vingi. Sijaona ambacho kimefika mahali ilipofika birika ile.

Ada ya wasifu wa aina hii ni kwamba mwandishi hujificha nyuma ya mstaafu. Nilijaribu kuufuata mtindo huo katika rasimu mbili, na mara zote mbili nilijikuta nikiandika uongo kwa lugha nzuri. Kwa hiyo ninaomba radhi kwa wasomaji wa kabrasha hili, na ninaingia mwenyewe katika simulizi, kwa sababu sehemu ya kazi ya Bi. Terttu iliyo muhimu kuliko zote iliharibiwa na mtu, na mtu huyo ni mimi.

Nilifika Korpivesi miaka mitatu iliyopita, huduma za afya na za ustawi zilipokuwa ndiyo kwanza zimeunganishwa chini ya mkoa mmoja. Nilikuwa na shahada ya uzamili yenye umri wa miezi mitatu na suti moja ya kijivu. Nilikabidhiwa kazi ambayo kijana yeyote wa fani yangu angeililia: kuandaa Mkoba wa Nyenzo, yaani miongozo, fomu na mipango ya vikao ambavyo timu zetu zote kumi na tatu zingevitumia ili mgonjwa ahudumiwe na timu moja badala ya ofisi tano. Ili nijifunze, nilipewa kiti cha mbele katika gari namba saba kwa wiki sita.

Wiki sita hizo nilimwona Bi. Terttu akifanya kazi. Niligundua kwamba hamwulizi mgonjwa kama anajimudu. Watu wa huku wote hujimudu. Mtu aliyeangukiwa na mti atakwambia anajimudu, na akiongeza neno atasema wapo wenye hali mbaya zaidi. Bi. Terttu huuliza hivi tu: "Sauna umewasha lini mara ya mwisho?"

Nyuma ya kila nyumba ya Korpivesi pana kibanda cha sauna, na kila Jumamosi jioni jiko lake hukokwa moto, mawe hupashwa, watu huoga kwa mvuke. Asiyewasha sauna Jumamosi ni mgonjwa, au amefiwa, au ameanza kukata tamaa. Ili uiwashe lazima uweze kupasua kuni, kubeba maji, kupanda ngazi mbili zenye barafu, kukumbuka kuwa leo ni Jumamosi, na kutaka bado kuwa safi. Swali lake lilipima misuli, pumzi, kumbukumbu na moyo kwa pamoja, na hakuna mtu wa huku anayeweza kudanganya juu ya sauna. Angeona haya.

Wiki ya sita ilipokwisha, alinipa karatasi ya kalenda ya mwaka uliopita. Nyuma yake alikuwa ameandika kwa mkono mambo mawili: jinsi ya kuketi mezani jikoni, na swali la Jumamosi. Akaniambia, "Haya, kijana. Mengine utayapamba mwenyewe."

Niliyapamba. Meza ya jikoni niliipa sura nzima, nikaichorea duara lenye mishale, nikaiita "Modeli ya Korpivesi". Jina la Bi. Terttu halikuwamo, hata katika orodha ya shukrani, ambamo nilimtaja profesa wangu mara mbili. Swali la sauna nililiacha nje. Nilijiambia kuwa halina kipimo, kwamba litachekwa katika mji mkuu, kwamba nyenzo ya kisasa haiwezi kuanza na kuni. Mahali pake niliweka fomu ya maswali ishirini na mawili, na la kwanza lilikuwa: "Je, unajimudu nyumbani?"

Mwezi wa Novemba mwaka jana niliuwasilisha Mkoba mbele ya watumishi arobaini. Nilipomaliza niliuliza kama kuna mwenye pingamizi. Hakuna aliyejibu. Nilihesabu kimoyomoyo hadi kumi, kama nilivyofundishwa, kisha nikafungua kinywa kuwashukuru. Hapo ndipo Bi. Terttu aliposema, "Kahawa imepoa."

Katika muhtasari wa kikao niliandika: Mkoba umepitishwa kwa kauli moja. Mimi nimekulia Helsinki, na nilikuwa sijajua kwamba huku anayekubali husema "haya," huweka kikombe mezani na kuondoka, na anayekataa kabisa hunyamaza. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Watu arobaini walinipigia mshindo, nami nikasikia makofi.

Makofi ya kweli yalikuja Desemba, Mkoba ulipopewa tuzo. Nilipanda jukwaani na suti mpya. Watumishi walitazama kwenye televisheni ya chumba cha mapumziko, na jioni nilipokea ujumbe wa Bi. Terttu: "Koti limekukaa vizuri." Nilimwonyesha kila mtu ujumbe ule kama sifa. Leo ninapousoma, ninaona ulisifia koti, basi.

Ninafika sasa kwa Bwana Urho Pikkarainen, ambaye ameniruhusu kutaja jina lake na ambaye Ijumaa atakuwa ameketi safu ya kwanza kwenye hafla ya kuagana. Bwana Urho ana miaka themanini na minne, ana kisukari, na anaishi peke yake mwisho wa barabara ya Hoikkaperä. Kwa miaka tisa Bi. Terttu alimtembelea mara mbili kwa wiki kumfunga kidonda cha mguu wa kushoto. Mwanzoni mwa Januari mwaka huu alijazishwa fomu yangu. Kwenye maswali yote ishirini na mawili aliweka alama kwamba hana shida. Mashine ikajumlisha, ikatoa sifuri, na kwa mujibu wa mwongozo niliouandika mimi, ziara zake zikageuzwa kuwa simu moja kila Jumatatu. Bi. Terttu alipinga kwa maandishi. Nilimjibu, kwa adabu, kuwa hisia haziwezi kushinda takwimu.

Simu zote saba zimehifadhiwa, na nimezisikiliza. Hazina tofauti.

"Vipi hali, Bwana Urho?"

"Najimudu."

"Mguu je?"

"Upo."

Jumamosi ya mwisho ya Februari, Bi. Terttu alikuwa likizo, akielekea dukani kwa gari lake mwenyewe. Angeweza kupita njia fupi. Alipita Hoikkaperä. Saa kumi na moja, wakati mabomba yote ya kijiji yalikuwa yakitoa moshi, bomba la sauna ya Bwana Urho halikuwa na moshi. Alisimamisha gari. Theluji iliyolala kati ya nyumba na kibanda ilikuwa laini kama shuka, haina hata alama moja ya mguu. Hakuhitaji fomu. Alichukua begi lake nyuma ya gari, akaingia bila kubisha.

Bwana Urho alikuwa kwenye kiti chake, mguu umefunikwa blanketi. Maneno yao nimesimuliwa na wote wawili, na kila mmoja anadai kuwa mwenzake ndiye aliyechekesha.

"Aa, sista. Leo si siku yako."

"Sauna lini, Urho?"

Alitazama dirishani. "Kabla ya mwaka mpya."

"Na simu ukaijibu unajimudu?"

"Si nimejimudu? Sijafa, au wewe unaniona vipi?"

"Ninakunusa, Urho. Toa blanketi."

Daktari Lassi alisema baadaye kuwa siku mbili zaidi zingeuchukua mguu mzima. Vilikatwa vidole viwili. Nilipomwendea Bwana Urho kumwomba ruhusa ya kuandika haya, alinijibu, "Andika, lakini useme viwili tu. Watu wa huku wakisikia nimekatwa, watagawana viti vyangu nikiwa hai."

Kama aibu yangu ingeishia hapo, ningeweza kuibeba kama kosa la kazi. Haikuishia hapo. Jumatatu iliyofuata nilitakiwa kuandika taarifa ya tukio, na katika safu ya "chanzo" niliandika hivi: "Mgonjwa alitoa taarifa zisizo sahihi." Niliketi nikaisoma sentensi hiyo mara tatu, nikairidhia. Nikaituma. Mzee aliyelala hospitalini bila vidole viwili nilimfanya kuwa mkosaji, ili fomu yangu ibaki safi.

Bi. Terttu alipanda hadi ofisini kwangu ghorofa ya tatu siku hiyohiyo, amevaa koti lake la kazini, taarifa mkononi. Hakuketi, na hakupaza sauti; sijapata kumsikia akipaza sauti. "Urho hajasema uongo," aliniambia. "Ulimwuliza kama anajimudu, na mzee yule amejimudu tangu akiwa mtoto wa miaka minane. Ulimwuliza swali la kivivu, naye akakujibu kwa heshima." Kisha akaniangalia kwa muda, kwa jicho lilelile ambalo nilikuwa nimemwona akiwaangalia wagonjwa kwa wiki sita, akauliza, "Na wewe, kijana? Sauna umeingia lini?"

Nilimwambia kuwa ninajimudu.

Alicheka, akashuka ngazi. Mimi nilibaki nikitazama mlango. Katika miaka mitatu mkoani humu sikuwa nimeingia sauna ya mtu yeyote. Nilikuwa nimealikwa mara mbili, nikasema nina kazi. Sikuwa nikijua jina la jirani yangu wa upande wa pili wa ukuta. Nilikuwa nimeandika kurasa sitini na nne juu ya jinsi ya kumweka mtu katikati, na hapakuwa na mtu hata mmoja katika maisha yangu ya Korpivesi ambaye angegundua kuwa bomba langu halitoi moshi.

Nimefanya machache yaliyowezekana, na ninayataja kwa sababu tu watumishi wana haki ya kuyajua. Taarifa ya tukio nimeiandika upya, na katika safu ya chanzo lipo jina la fomu na jina langu. Waliotoa tuzo nimewaandikia kuwajulisha Modeli ya Korpivesi ni ya nani, hawajanijibu. Fomu ya maswali ishirini na mawili sikufanikiwa kuiondoa, kwa kuwa mifumo mingine imekwisha kufungamanishwa nayo, na hilo nalo ni kosa langu. Lakini toleo la pili la Mkoba litakaloanza kutumika tarehe mosi Juni, siku ya kwanza kabisa ya kazi ambayo Bi. Terttu hatakuwa nasi, linafunguliwa na ukurasa mmoja ambao sikuupamba. Ni picha ya nyuma ya karatasi ya kalenda, kwa mwandiko wake, na jina lake chini. Mwongozo unasema kuwa jibu la swali lililo katika ukurasa huo likipingana na jumla ya mashine, jibu ndilo linalofuatwa.

Hofu yangu ilikuwa kwamba angeondoka na swali lake. Akina Bi. Terttu hustaafu kwa kimya: hurudisha funguo, hula keki, huenda zao, na mwezi unaofuata mtu fulani huko Hoikkaperä hujibu simu kuwa anajimudu, na hakuna anayejua tena kutazama bomba. Nimewaendea wauguzi wa timu zote kumi na tatu, mmoja mmoja, jikoni kwao au garini mwao, nikawauliza kama wana pingamizi juu ya ukurasa ule. Safari hii niliwasubiri. Wengi walisema "haya," wakaweka kikombe mezani, wakaondoka.

Siwezi kuficha kuwa nilimwomba Bi. Terttu amteue mtu mwingine kuandika wasifu huu, mtu anayestahili. Alikataa. "Andika wewe," alisema. "Usinipake sukari, na usijichape viboko mpaka watu wakuonee huruma. Hafla ni yangu." Naona nimelivunja sharti la pili, na ninamwomba radhi kwa hilo pia.

Kwa niaba ya watumishi wa mkoa mzima, ninamshukuru kwa sleji na barafu, kwa birika ya Bi. Hilja, kwa wauguzi mia moja na zaidi aliowafundisha kuvua viatu kabla ya kufungua mdomo, na kwa kupita njia ndefu siku ambayo hakuwa kazini. Ninamshukuru kwa vidole vitatu vya mguu wa kushoto wa Bwana Urho Pikkarainen, ambavyo vipo.

Orodha ya ziara za wiki yake ya mwisho imebandikwa kwenye mlango wa chumba cha mapumziko. Ina majina tisa. Manane ni ya wagonjwa. Jina la tisa ameliongeza kwa penseli, chini kabisa, kwa ajili ya siku inayofuata tarehe yake ya kustaafu: "Ilmari Stenroos, ghorofa ya tatu. Anasema anajimudu. Jumamosi saa kumi na moja, sauna ya Urho. Wanawake tunatangulia, wanaume mtafuata. Kuni apasue yeye."

Bi. Terttu, nitakuja. Nenda ukapumzike kwa afya na furaha, ulale hadi jua likuamshe, unywe kahawa ikiwa bado ya moto. Moshi wa sauna yako na upande kila Jumamosi, miaka mingi. Sisi tunaobaki tutakuwa tukipita barabarani, na tutautazama.

Ilmari Stenroos
Ofisa Mipango, Mkoa wa Korpivesi